Nondo wa Mama Kulwa

Siku tatu baada ya mimi kurudi kutoka msibani Ushetu, kijana mmoja wa utafiti alinipigia simu. Shikamoo mama, marahaba, akajitambulisha kwa adabu, akasema wanachora upya ramani ya nondo wa nchi hii, aina kwa aina, kila mmoja na mahali alipopatikana. Kuna aina moja, akasema, ambayo kanda yetu yote ina nukta moja tu. Nukta hiyo iko Bulyanhulu, na jina la aliyemkusanya ni langu. "Mama, tumekwenda kule mara tatu, tena wakati wa mvua. Hatujaona hata bawa. Na ule mti anaokula kiwavi wake pia hatujauona. Tunataka kuandika kwamba pale ametoweka, kwamba wachimbaji wamemmaliza. Ila nikasema kwanza nimuulize mwenyewe aliyemkamata. Ulimpata sehemu gani hasa?" Nikamwambia mtandao unasumbua, anipigie kesho. Mtandao haukuwa unasumbua hata kidogo. Nimefundisha Baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, nimewachapa watoto wa watu kwa kunakili majibu ya wenzao, na mwanamke mzima mimi nikakimbia swali la kijana yule. Nilikaa na simu mapajani mpaka adhana ya alasiri.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha sita, nikawa nakaa tu nikingoja majibu. Daktari Mbwambo alipanga nyumba ya vyumba vitatu pale Ngokolo, Shinyanga mjini. Alikuwa daktari wa wadudu, si wa watu, jambo lililowachanganya majirani, maana walikuwa wanamletea watoto wenye homa na yeye anawarudisha kwa huruma, na wengine wakamnunia kwamba anaringa. Alitaka msichana mwenye mwandiko mzuri anayejua Kisukuma, kwa sababu yeye Kisukuma hakikumpanda kabisa. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na masanduku ya mbao yaliyojaa nondo, kila mmoja kachomwa pini kifuani na kutandazwa mabawa. Nyumba nzima ilinuka vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kabatini kufukuza nondo kwenye nguo. Sisi tuliviweka kuwalinda nondo wenyewe wasiliwe na vijidudu vingine. Rehema, rafiki yangu niliyesoma naye, alipokuja kunitembelea alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani Mwajuma, unawatunza nondo kwa dawa ya nondo? Na mshahara unapewa?" Tulikuwa tunakunywa chai palepale, kwenye kona ya meza, chapati upande huu na wadudu upande ule, na Daktari akiwa na tonge mdomoni ananifundisha namna ya kuwatambua. Usitazame rangi, rangi inadanganya. Hesabu mishipa ya bawa. Tazama lile doa mithili ya jicho lina miduara mingapi. Tazama vipapasio, kama ni uzi au ni unyoya. Nilipenda kazi ile, wallahi, na nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikuharibu kitu nisichokijali.

Chini ya kila nondo kulikuwa na karatasi ndogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba: mahali, tarehe, mti, jina la mkusanyaji. Daktari alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa karatasi ile. Lebo huandikwa chini ya mti, kwa penseli, kabla hujanyanyua mguu. Siyo njiani, siyo mezani, siyo "nitakumbuka". Siku moja nilirudi kutoka Kizumbi na vipepeo wawili ambao sikuwaandikia, akawachukua bila kunifokea, akawatia kwenye ndoo ya takataka, akaendelea kunywa chai. "Mdudu asiye na mahali ni uchafu, Mwajuma," akasema. "Mwenye mahali pa uongo ni mbaya zaidi, maana huyo hatupwi, huyo anaaminiwa." Nilicheka kidogo kwa aibu nikaosha vikombe.

Mvua zilipoelekea ukingoni alinituma Ushetu wiki mbili, nikakusanye viwavi. Alipenda nondo afugwe tangu kiwavi, ili ajulikane anakula mti gani, na mabawa yake yawe mazima. Nikafikia kwa Mama Kulwa, mkulima wa tumbaku, mama wa mapacha wawili wadogo, Kulwa na Doto. Sisi wote tulimwita Mama Kulwa, na mumewe naye alimwita hivyohivyo. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Kiswahili sikumsikia akikisema ila salamu, basi tukawa tunaongea Kisukuma. Asubuhi nilikuwa namkuta jikoni, "Mwangaluka, mayu," naye ananijibu bila kuacha kuchochea moto, halafu ananisogezea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga. Jioni ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayapika kwa karanga mpaka mchuzi unashikamana na kidole. Sijala tena nsansa ya namna ile.

Siku ya tatu akaniuliza nawatafutia nini wadudu. Nikamweleza. Akanishika mkono akanipeleka kwenye bani la zamani, lile jengo la udongo la kukaushia tumbaku, ambalo walikuwa hawalitumii. Juu kwenye fito alikuwa ametundika makapu matatu, kila moja limefunikwa kipande cha kanga. Ndani yake mlikuwa na viwavi wanene, wa kijani na miiba ya njano, wanatafuna majani ya mti wa msituni uitwao mtundu. Nikamuuliza ni wa nini, ni wa kula? "Hapana. Napenda tu kuona anavyotoka." Alikuwa akiwafuga tangu binti, kila asubuhi anabadilisha majani, anangoja wajifungie kwenye vifuko vyao vya nyuzi, halafu anangoja tena. Na si kufuga tu. Aliniambia ng'ambo ya mto hawapo. Kwa kaka yake, mwendo wa siku nzima, mitundu ipo ila wao hawapo. Kila alipokwenda kwenye harusi au msiba alikuwa anapita chini ya mitundu ya huko kutazama. "Wapo msitu huu tu," akasema. Jamani, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na mwanamke yule ambaye hakuwahi kushika kitabu alikuwa na ramani nzima kichwani, ameitembea kwa miguu.

Siku ya kuondoka akanipa vifuko saba kwenye kopo la samli lenye matundu. Na akaniomba jambo moja. Kijiji kilikuwa kimeanza kuugawa ule msitu vipande vipande, kila mwenye bani apate kuni zake. "Mwambie mkubwa wako. Akiandika kwamba mdudu huyu yuko hapa peke yake, watamsikiliza, ni mtu wa chuo. Mimi nikisema watanicheka, watasema Mama Kulwa anafuga funza." Nikamwahidi. Nikasema tena naandika sasa hivi, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta penseli, na pale pale lori la tumbaku la kunipeleka Kahama likaanza kupiga honi barabarani, na wingu jeusi juu. Nikakimbia. Nikajiambia nitaandika nikifika.

Kahama nilimtumia Daktari viwavi wengine niliowaandikia lebo, nikabaki na lile kopo; kutoka hapo nilitakiwa niende Bulyanhulu wiki mbili nyingine, nikusanye huko pia. Nilikwenda, ila sikukusanya kitu. Rehema alikuwa amehamia kule kupika, ana kibanda cha turubai na chumba kimoja nyuma, na mimi nikawa mgeni wake. Kulikuwa na muziki mchana kutwa, kulikuwa na vijana wenye saa za kung'aa, na kila mtu ana habari ya duara lake, yaani shimo lake, linavyokaribia mwamba. Habari zilipoenea kwamba kuna binti kutoka Shinyanga anatafuta nondo, bwana mmoja akaniletea vyuma vinne vya ujenzi begani, akauliza nataka milimita ngapi. Tulicheka siku mbili. Nilivaa magauni ya Rehema, nikala wali na samaki wa Mwanza, masanduku yangu yakabaki matupu, na kopo la samli likakaa juu ya dirisha bila kifuniko wala lebo. Tukiwa tunakula, upande wa pili wa turubai wachimbaji walikuwa wanamfunda mgeni wao. Namkumbuka mmoja mwenye sauti ya kukwaruza: "Sikiliza, dogo. Ukipata, usiseme umepatia wapi. Taja kwingine kabisa. Ukitaja penyewe, kesho wamejaa." Wenzake wakasema kweli kabisa. Nilidhani yale ni maneno ya dhahabu tu.

Daktari alikuja bila taarifa, siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi. Mimi ndiyo kwanza naamka. Nasikia sauti yake nje anamuuliza Rehema, naruka kitandani kutafuta kitu cha kumwonyesha, na hakuna, hakuna hata panzi. Akaingia, akasimama. Sikujua anatazama nini. Nikageuka, nikaona. Nondo wawili walikuwa wametoka kwenye kopo alfajiri ile, wananing'inia kwenye pazia la Rehema, mabawa yamekwisha kunyooka, makubwa kama kiganja, rangi ya udongo mwekundu na jicho moja la buluu kila bawa. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi, na alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba kile. Akahesabu kwa kidole bila kugusa. Alipogeuka macho yalikuwa na machozi. "Mwajuma. Huyu sijamwona popote upande huu wa nchi. Umempata hapa?"

Nimejitetea miaka yote hii kwamba niliogopa kufukuzwa, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilidhani nitamweleza baadaye tukitulia. Yote ni kweli na hayanisaidii. Kweli yenyewe ni kwamba nilipenda jinsi alivyonitazama. Nikasema, "Ndiyo, Daktari." Akanyoosha penseli yake mwenyewe akanipa, niandike lebo mbele yake, nami nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: Bulyanhulu. Mti haujulikani. Na kwenye mkusanyaji nikaandika jina langu lote, na la baba. Rehema alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alijua nimekuja na lile kopo, na hakusema neno, ila jioni alipokuwa ananipakulia wali alisema, "Makubwa haya," akaenda zake kuosha sufuria.

Barua ya wataalamu ilirudi baada ya miezi miwili. Ni aina iliyokuwa inajulikana kusini tu, mbali sana na sisi. Daktari akanunua mchele na nyama, mke wa mwenye nyumba akapika pilau, akaita majirani wote wa Ngokolo hata wale waliomnunia. Akatundika ramani ukutani juu ya meza ya chai, akachora nukta nyekundu kwa wino, akasema mbele ya watu, "Hii ni ya Mwajuma." Wakapiga vigelegele. Nukta ile ikawa inanitazama kila asubuhi nikimega chapati. Nilihamisha kiti nikakaa upande wa pili, nikawa naiona kwenye kioo cha kabati. Siku moja nikapiga moyo konde: "Daktari, kuna jambo nataka kukueleza." Akaniangalia kwa furaha, akafungua droo. "Na mimi ninalo. Barua yako ya kukuombea nafasi ya chuo nimeshaiandika. Nimewaeleza habari ya Bulyanhulu. Haya, wewe ulikuwa na lipi?" Nikasema mafuta ya taa yamekwisha.

Lililo baya zaidi bado sijalisema, nimelizunguka kama mtu anayeogopa maji ya kisima. Mvua mpya zilipokaribia, Daktari akasema twende Ushetu, tuone kama nondo wetu anafika na huko, ili ajue mpaka wake. Sikulala siku mbili. Tukafika kwa Mama Kulwa mchana wa jua kali, miti bado haijachipua, hakuna kiwavi wala jani. Nusu ya msitu ilikuwa imeshakuwa visiki. Alitoka mbio kutupokea, akifuta mikono kwenye kanga, akamsalimu Daktari kwa kupiga goti, akaniangalia mimi kwa macho ya mtu anayengoja majibu. Daktari akafungua daftari, akatoa picha ya rangi aliyoichora mwenyewe, nondo wetu na jicho lake la buluu. "Muulize kama amewahi kumwona huyu." Nikauliza. Mama Kulwa akaigusa picha kwa kidole, akacheka kicheko cha furaha, akasema kwa Kisukuma, "Si hawa niliokupa kwenye kopo? Walitoka salama? Umemwambia mkubwa wako wametoka msitu huu?" Daktari akanigeukia. "Anasemaje?" Na mimi, mimi huyu ninayeandika, nikasema, "Anasema ni mzuri sana, ila hajawahi kumwona maisha yake."

Daktari akaandika. Nilimwona akiandika: Ushetu, hayupo. Mama Kulwa alinitazama. Kicheko kilibaki kidogo usoni kisha kikaondoka, na hakurudia swali. Akaingia jikoni, akarudi na ungo mdogo wa karanga za kukaanga, akampa mgeni kwanza, halafu akanipa mimi kwa mikono miwili. Astaghfirullahi. Nilizitafuna. Tukaondoka jua likiwa bado juu, na njia nzima nilikuwa najifariji kwamba angalau hakuelewa nilichosema.

Nikaenda chuo. Nikaajiriwa, nikaolewa, nikalea. Daktari alifariki akiwa ananiita binti yake. Ushetu sikuwahi kukanyaga tena, na si mbali, ni pua na mdomo. Sijui kama nukta ile ingezuia shoka. Pengine wangemcheka Daktari pia. Ila mwanamke yule aliomba kitu kimoja, kilichokuwa chake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika penseli. Mwezi uliopita niliposikia kwa mtu wa Kahama kwamba Mama Kulwa amefariki, miguu ikanipeleka yenyewe. Nilifika wameshazika. Doto, mwanamke wa makamo sasa, alinikumbatia, akanikalisha kwenye mkeka, akaniletea michembe na karanga bila kuniuliza kitu. Kaburi lilikuwa bichi, halijaandikwa, kwenye kipande cha msitu kilichobaki kwa kuwa ni makaburi. Mitundu kama ishirini, haifiki thelathini. Nilitazama juu kwenye majani mpaka shingo ikauma, kisha nikaaga.

Baada ya simu ya yule kijana, usiku sikulala, na asubuhi nikakata karatasi kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Nikachonga penseli. Mahali: Ushetu. Nikaandika. Mti: mtundu. Nikaandika. Mkusanyaji. Penseli ikasimama hapo. Nilikula ugali wa mwanamke yule, nikalala kwenye ngozi yake ya ng'ombe, nikachukua mdudu wake na sifa yake, na jina lake nilikuwa silijui. Nilijua amezaa mtoto anayeitwa Kulwa, basi. Nikalia peke yangu mezani kama mjinga, halafu nikampigia Doto.

"Shikamoo, dada Mwajuma."

"Marahaba, mdogo wangu. Nisamehe kwa kukusumbua. Mama yako aliitwa nani?"

"Jina lake? Dada, umekaa kwetu wiki mbili, unakula, unalala, jina la mama hulijui?"

"Tulimwita Mama Kulwa."

"Sawa, hata sisi. Unalitakia nini?"

Nikamwambia. Lori, kopo, pazia la Rehema, ile ndiyo niliyoisema, picha, na tafsiri yangu ya uongo. Sikupamba, na nilikuwa nangoja matusi. Doto akasema, "Dada, mama alijua."

"Alijua nini?"

"Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri sana. Kukisema ndiyo hakutaka, alikuwa anaona aibu, anasema anakivunja. Ulivyosema hajawahi kumwona, alisikia. Mlipoondoka baba akamgombeza, mbona umenyamaza? Akasema, nimuumbue mtoto wa mwenzangu mbele ya mkubwa wake, afukuzwe? Mwache. Atarudi aseme mwenyewe." Doto akaongeza, "Kila mvua ikianza alikuwa anauliza, yule binti wa Ngokolo hajapita? Hata mwaka huu aliuliza, akiwa kitandani."

Nilisikia kuku wakilia upande wake wa simu, na mtu akitwanga. Kisha Doto akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mbuke. Mbuke Lushinge. Andika." Nikamwomba alitaje tena, polepole, maana karatasi ni ndogo na nilikuwa siioni vizuri. Akalitaja tena.

Saa nne kamili kijana wa utafiti akapiga. "Shikamoo mama. Leo unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," nikamwambia. "Chukua kalamu."